Tupeane uzoefu: dawa za ADHD na usingizi uliogoma

Mkesha: Wakuu, nina miaka 38, niko Leicester, natunza wazee. ADHD, ile hali ya ubongo ya kushindwa kutulia na kukaza akili kwenye jambo moja, imegundulika ukubwani, mwanangu alipopimwa nikajiona kwenye kila swali aliloulizwa. Natumia Elvanse, kidonge cha ADHD cha miligramu 50. Mchana niko vizuri, nashukuru. Usiku sasa! Saa 8 macho kodo, nahesabu magari yanayopita barabarani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kijinga. Siku za mapumziko nilikuwa naamka saa 4 asubuhi ndipo nameza. Dawa hii kwa mtu mzima inaweza kufika masaa 13 au 14, piga hesabu: karibu saa 6 usiku bado iko kazini. Siku hizi naweka alamu saa 12 kasoro, nameza na maji yaliyo pembeni ya kitanda, najilaza tena mpaka dawa yenyewe iniamshe. Nafuu ipo, ila haitoshi. Wenzangu mnafanyaje?

Mtu wa Rongai: Kwangu ni kinyume kabisa. Natumia Ritalin ya kawaida, dawa ya ADHD inayofanya kazi masaa matatu manne hivi. Ikiisha jioni, akili inarudi na fujo yote, kama matatu imekata breki. Nikadhani dawa ndiyo inanikesha, nikaruka ya mchana wiki nzima. Ikawa mbaya zaidi. Daktari akaniongezea nusu kidonge saa 10 jioni. Nilimcheka. Usiku huo saa 4 na nusu nilikuwa nakoroma! Lakini jamaa yangu alijaribu hivyo hivyo bila kuuliza mtu, akakesha mpaka adhana ya alfajiri. Muulizeni daktari kwanza.

Bi Ukindu: Mimi Mzanzibari, naishi Maskati. Mtihani wangu ni Ramadhani. Dawa yangu ya ADHD, Concerta, haitafunwi wala haivunjwi, na mchana huwezi kumeza kitu, kwa hiyo nameza kwenye daku. Kuanzia hapo kulala tena ni ndoto, na kailula baada ya Adhuhuri haiji, dawa bado imeshika. Nilichoweza ni kulala mara tu baada ya tarawehe. Nyumbani wanakaa baraza mpaka usiku mwingi, mashemeji wakaninunia wakisema najitenga. Waninunie.

Kobe Mkavu: Vijana mnajijaza madawa. Zimeni simu, kunyweni maziwa ya moto.

Mkesha: Mzee wangu shikamoo. Maziwa nimekunywa mpaka ng'ombe wananijua.

Fundi Saa: Mkesha, kahawa je? Mimi Dar, nilikuwa nalaumu kidonge, kumbe jioni kijiweni nashusha vikombe vitano. Miaka yote kabla ya kupimwa nilikuwa najitibu kwa kahawa bila kujua, na nilipoanza dawa sikuiacha. Nikaikata baada ya saa 6 mchana. Siku tatu za kwanza kichwa kiligonga kweli kweli, kisha nikaanza kulala saa 6 badala ya saa 8.

Lingine: daktari aliniambia niandike kwenye daftari, wiki mbili, saa ya kumeza na saa ya kusinzia. Kisha akauliza, kabla ya dawa ulikuwa unalala saa ngapi? Nikamwambia saa 8. Na ulipoanza? Saa 8. Akanitazama tu. Maana wengi wetu ADHD yenyewe inasogeza usingizi mbele, hata bila kidonge chochote.

Mkesha: Kahawa situmii, ila hilo swali la mwisho limenikamata. Mama alianza kuniita popo nikiwa darasa la tatu.