Mama kapitiliza kikomo cha Medicaid kwa dola chache, naomba ushauri

Wakuu habari. Naishi Marekani na mama yangu, mjane wa miaka 72. Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee) anayo, lakini Medicaid (ile ya wenye kipato kidogo) ndiyo iliyokuwa inamlipia msaidizi wa kumwogesha na kumvalisha nyumbani. Januari mafao yake ya Social Security (pensheni ya serikali) yaliongezwa kidogo, yale ya kufidia kupanda kwa bei. Basi ile nyongeza, ambayo haitoshi hata mafuta ya gari, ikamvusha kikomo cha kipato. Barua ikaja: hastahili tena.

Nimesoma kwamba baadhi ya majimbo yanaruhusu gharama za matibabu zikatwe kwenye kipato mpaka kishuke chini ya kikomo. Aliyewahi kupitia njia hiyo, risiti unapeleka kila mwezi au? Na bili za zamani ambazo hazijalipwa zinahesabiwa?

Jambo la pili ni mdogo wangu, mlemavu, anapokea SSI (posho ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo) na kapata kibarua. Najua wakipima kipato chake wanaondoa dola 20, kisha 65 za mshahara, halafu wanahesabu nusu ya kinachobaki, kwa hiyo akipata 885 inahesabiwa 400. Hapo sina shida. Shida ni akiba: kikomo ni dola 2,000 tu, hakijaguswa tangu 1989! Akaunti ya ABLE (akaunti maalumu ya akiba kwa walemavu) inamfaa? Ulemavu wake ni wa kuzaliwa.

Muda wa kukata rufaa ya mama unakwisha wiki ijayo, kwa hiyo lake ndilo la haraka zaidi.