Fizikia kwa koleji ya miaka miwili California, au nibaki Chiromo?

Kijana_Umoja2
Hamjambo wakubwa. KCSE nilipata B wastani, fizikia B+, hesabu B. Nimepangiwa shahada ya fizikia Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Chiromo, miaka minne. Sasa shangazi anayeishi Sacramento anataka nikakae kwake, nisome koleji ya jamii miaka miwili, halafu nihamie chuo kikuu nikiingia mwaka wa tatu. Anasema ndiyo njia nafuu ya kupata digrii ya Marekani. Baba ameshaanza kuulizia bei ya shamba letu Murang'a. Mimi fizikia naipenda kwa dhati, sitafuti tu mlango wa kutokea. Naombeni ushauri.

Mzee_wa_Stendi
Tiketi hiyo ukiikataa nipe mimi. Hata fizikia nitaisoma.

Dada_wa_Mbali
Mdogo wangu, njia hiyo niliipitia, ingawa mimi nilienda uhandisi. Shangazi hajakudanganya, ila amekupigia hesabu ya nusu ya kwanza peke yake. Koleji za jamii za California humtoza mkazi dola 46 kwa yuniti, yaani kipimo cha uzito wa kozi. Wewe wa viza ya mwanafunzi, F-1, utalipa hizo na karo ya mgeni juu yake, ambayo huzizidi mara kadhaa, na lazima ubebe yuniti 12 au zaidi kila muhula. Bado, ukila na kulala kwa shangazi, miaka hiyo miwili inawezekana.

Kinachouza shamba ni mwaka wa tatu. Vyuo vya University of California (UC), Davis ikiwemo, humwongezea mgeni zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka, mbali na karo ambayo kila mtu hulipa. Piga kwa shilingi uone: karibu milioni nne. Misaada ya serikali yao haikuhusu, na kazi unayoruhusiwa ni ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Hiyo ni pesa ya chakula na nauli. Mwambie shangazi aulizie pia Sacramento State. Iko kwenye mfumo mwingine, wa California State University, na nyongeza yake kwa mgeni ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali.

Mwalimu_Eastlands
Dada amemaliza mambo ya pesa, mimi niingie darasani. Kijana, kalkulasi (hesabu ya mabadiliko) uliyoiona ni ile ya mwisho wa kidato cha nne, polinomia tu, na kwenye fizikia ya KCSE hukuitumia kabisa. Koleji hizo huwa na fizikia ya kalkulasi na nyingine isiyo nayo. Hiyo isiyo nayo ni ya wanaoelekea udaktari na fani kama hizo; ukijiandikisha huko umepoteza mwaka. Ile ya kalkulasi hupandwa kama ngazi, moja baada ya nyingine: kalkulasi ya kwanza, ndipo mekanika, ndipo umeme na usumaku, ndipo mawimbi, mwanga na fizikia ya kisasa. Mihula minne imekwisha hapo. Ukilazimika kuanza chini ya kalkulasi muhula wa kwanza, miaka miwili inaweza kuwa mitatu, na shangazi hakuhesabu huo wa tatu.

Fomu ya kuhamia vyuo vya UC nayo hutumwa Oktoba na Novemba, ukiwa ndio kwanza umeanza mwaka wa pili. Watakutazama hasa kwa alama za mwaka wa kwanza, ule ule ambao bado unazoea baridi na lafudhi. (Na utaandika insha za masomo yasiyo ya sayansi upende usipende. Mfumo wao ndio huo.)

Kijana_Umoja2
Asante Mwalimu. Nikibaki Chiromo, nimeukosa mlango wa huko?

Mwalimu_Eastlands
Hapana. Katika fizikia mlango mpana uko juu. Shahada ya uzamivu huko kwa kawaida hugharamiwa na idara yenyewe: unasaidia kufundisha maabara au kufanya utafiti, unasamehewa karo na kupewa posho. Ukiwa na digrii ya Chiromo yenye alama nzuri unaomba. Ushindani ni mkali, lakini ukikosa hujauza kitu.

Dada_wa_Mbali
Hapo nakubaliana na Mwalimu nusu. Anayemaliza digrii huko hupewa miezi 12 ya kufanya kazi, na mtu wa sayansi kama fizikia anaweza kuongezewa 24. Hiyo si haba. Ila kama utaenda, fungua kwanza tovuti ya ASSIST. Ni bure, na inaonyesha kozi gani ya koleji fulani inakubaliwa na chuo kikuu gani, somo kwa somo. Anza na chuo unachotaka kuishia, urudi nyuma hadi muhula wa kwanza. Usimwachie mshauri wa koleji akupangie peke yake, anahudumia wengi.

Kijana_Umoja2
Nimemsomea Baba uzi wote. Anauliza hizo dola 30,000 ni za mwaka mmoja au za digrii nzima.

Dada_wa_Mbali
Mwaka mmoja. Mpe pole.