Neema ameshuka Machu Picchu: gumzo la kikundi cha familia

Mama Neema: Bwana asifiwe wapendwa. Neema amemaliza salama Njia ya Inka huko Peru, ile njia ya miguu ya kwenda Machu Picchu. Yuko Aguas Calientes, kamji kaliko chini ya Machu Picchu, ule mji wa kale wa Wainka, watawala wa zamani wa milima ya Andes, na ana mtandao. Mwenye swali aulize sasa.

Neema: Shikamooni wakubwa wote. Nimefika salama, magoti tu ndiyo yanauma. Picha zinapanda taratibu, mnivumilie.

Baba Mkubwa: Marahaba mwanangu, tunamshukuru Mungu. Picha baadaye. Kwanza niambie, juu kabisa mlifika mita ngapi, na kichwa kilikuwaje?

Neema: Mita 4,215 Baba Mkubwa. Panaitwa Warmiwañusqa. Huko juu kichwa hakikuniuma hata kidogo. Kiliniuma Cusco, siku niliyoshuka kwenye ndege.

Baba Mkubwa: Ndivyo inavyokuwa. 4,215 umeshaipita kambi ya Horombo ya Kilimanjaro ila ya Kibo bado. Sisi huku mgeni anaanzia getini Marangu, mwili unapanda naye. Wewe umetoka Lima, kando ya bahari, ukatua mita 3,400 kabla hata hujamaliza chai ya ndege. Wengi wanaumia hapo.

Neema: Kweli. Nilikaa Cusco kwanza, nikatembea pole pole kama ulivyotufundisha, nikanywa maji na chai ya majani ya koka. Nilipoanza safari nilikuwa sawa.

Godi: Dada, Machu Picchu yenyewe mita ngapi?

Neema: 2,430 tu.

Godi: Yaani chini ya kambi ya Mandara??

Neema: Chini ya Mandara Godi. Unavuka kileleni kwanza, halafu kuanzia hapo unashuka zaidi kuliko unavyopanda, mpaka unaingia kwenye msitu wa ukungu uliojaa maua ya okidi. Na unashuka kwa ngazi za mawe walizojenga Wainka wenyewe, nyingine fupi kama kiganja, nyingine zinafika gotini. Hawakuwa na magurudumu wala farasi. Kila kitu kilipita hapo kwa miguu ya watu na ya llama, mnyama wa mizigo kama ngamia mdogo. Mtandao wao mzima wa barabara ulikuwa kama kilomita 30,000, kutoka Kolombia ya leo hadi Chile na Ajentina. UNESCO waliuandika kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014.

Shangazi Aika: Nipo na Bibi hapa namsomea. Anauliza maji walitoa wapi huko juu ya mlima.

Neema: Shikamoo Bibi! Hilo swali ungeniuliza wewe tu. Wana mfongo, mfereji wa maji, Bibi, kama wetu kabisa. Umetoka kwenye chemchemi ubavuni mwa mlima, umejengwa kwa mawe, urefu wake mita 749, na mteremko wake wameupima maji yasikimbie wala yasisimame. Ukifika mjini unagawa maji kwenye mabomba 16 ya mawe yaliyopangana kushuka ngazi. La kwanza liko mlangoni kwa nyumba ya mfalme, anakinga yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Shangazi Aika: Bibi anasema mfongo bila watu wa kuusafisha hauishi miaka mia. Huo una miaka mingapi?

Neema: Mji ulijengwa katikati ya miaka ya 1400, wakati wa mfalme Pachacuti. Na mabomba bado yanatiririka, nimenawa mikono pale Wiñay Wayna. Hayo ni magofu mengine njiani, mita kama 2,650, siku ya kabla ya kufika Machu Picchu. Matuta ya mawe yamejipinda kufuata ubavu wa mlima, nyumba juu na nyumba chini, na katikati maji yanashuka kutoka birika hadi birika. Kwangu mimi ni pazuri kuliko Machu Picchu. Tulikuwa wachache, kimya, na watunzaji wawili waking'oa majani kati ya mawe kwa kisu kidogo. Mwambie Bibi watu wa kuusafisha wapo.

Godi: Nimesoma Machu Picchu iligunduliwa 1911 na Mmarekani, Hiram Bingham.

Neema: Godi, hilo neno iligunduliwa liache. Bingham alipofika 1911 alikuta familia za wakulima zinaishi pale pale, zinalima kwenye matuta ya Wainka. Aliyempeleka alikuwa mkulima wa bondeni, Melchor Arteaga. Na mwaka 1902 mwenyeji mwingine, Agustín Lizárraga, alikuwa ameshaandika jina lake ukutani. Bingham alipaleta kwenye magazeti na picha, hiyo ni kazi yake na apewe.

Baba Mkubwa: Umesema vizuri sana. Hans Meyer, yule Mjerumani, naye 1889 vitabu vinaandika alipanda Kilimanjaro, watu wa Marangu waliomwonyesha njia hawaandikwi sana. Sasa niambie habari za wagumu, wabeba mizigo. Wanabeba kilo ngapi?

Neema: Pale inapoanzia njia, kilomita 82 ya reli, kuna geti na mzani. Kila mgumu anapima mzigo wake, mwisho kilo 20. Ni sheria, walipitisha mwaka 2001, kabla yake walikuwa wanabebeshwa mizigo ya kuvunja mgongo. Mmoja wetu mzani ulizidi kidogo tu. Askari akamrudisha. Wakafungua mzigo, mfuko wa viazi ukahamia kwa mwenzake, wakapima upya wote wawili ndipo wakapita.

Baba Mkubwa: Mbele ya macho yako?

Neema: Nimesimama nyuma yao Baba Mkubwa. Wengi ni wakulima wa vijiji vya juu, kati yao wanaongea Kikechua, lugha yao ya asili. Asubuhi sisi tunaondoka, wao wanavunja mahema, halafu wanatupita mbio kwenye zile ngazi. Tukifika kambini chakula kiko tayari.

Baba Mkubwa: Na usiku wanalala wapi?

Neema: Kwenye hema la kulia chakula, sisi tukishamaliza kula. Mpishi aliniambia hivyo. Wanasubiri mgeni wa mwisho ainuke mezani ndipo watandike. Nilipojua, nikawaambia wenzangu tukishakula tusikae kupiga hadithi.

Baba Mkubwa: Mmefanya la maana. Mimi nimelala hivyo miaka mingi, baridi inatoka chini. Mgumu aliyelala vibaya ndiye anayeteleza kesho yake na mzigo wa mgeni.

Godi: Mimi nataka kwenda mwakani. Januari au Februari.

Neema: Februari njia inafungwa mwezi mzima kwa matengenezo, na Januari ni mvua. Nenda Mei. Na uwahi kibali, kwa siku wanaruhusu watu 500 tu, na humo wamo waongozaji na wagumu, kwa hiyo wageni wanabaki kama 200. Jina kwenye kibali lilingane na pasipoti herufi kwa herufi. Huwezi kuingia peke yako, lazima uwe na mwongozaji mwenye leseni.

Baba Mkubwa: Godi, kabla hujalipa hata shilingi, iulize hiyo kampuni kwa maandishi: wagumu wanalipwa kiasi gani kwa safari, wanalala kwenye hema lao au la chakula, wana magodoro, wanakula chakula kipi. Wakikuzungusha, tafuta wengine. Majibu nitumie mimi niyasome.

Godi: Sawa Baba Mkubwa. Nitakutumia.

Mama Neema: Neema hayo majani ya koka usije ukayabeba kurudi Madrid.

Neema: Sibebi Mama, najua Ulaya hayaruhusiwi, ndiyo yanayotengenezewa kokeini. Treni yangu inaondoka sasa hivi. Bibi, video ya mfongo naanza nayo nikifika Cusco.