Tupeane uzoefu: ni lini ulielewa kwamba kila chenye uhai kinakufa, na wewe unaishi kwa ajili ya nini?

Mjukuu wa Kihambani
Wakuu habari za saa hizi. Naomba hii tuiongee kwa utulivu maana tangu tumzike babu mwezi uliopita silali vizuri. Naanza mimi.

Babu alikuwa na kihamba Rombo, migomba na kahawa. Nikiwa darasa la sita akaniita tukakate ndizi. Akauchanja mgomba katikati kwa panga, ukainama wenyewe taratibu, mi nikaupokea mkungu begani, halafu akarudi akaukata wote kabisa chini. Nikamuuliza babu mbona unaua mti mzima si ungekata mkungu tu? Akanivuta mpaka shinani. Akasema huu umeshazaa, mgomba unazaa mara moja basi, ukiuacha utasimama hapo unawanyang'anya wenzake chakula mpaka uoze. Pembeni kulikuwa na mwingine wa kimo cha kiuno changu, na mwingine umetokeza ncha tu kama pembe ya mbuzi. Kila shina alikuwa anaacha watatu, mama, mtoto na mjukuu, yanayozidi anang'oa. Lile gogo tukalipasua vipande tukavilaza kuzunguka wale wadogo, maji bado yanachuruzika, akasema hayo ndo maziwa yao kiangazi kikija. Utomvu uliniharibia shati la shule, madoa hayakutoka tena.

Miaka yake ya mwisho hakuweza kutembea, ila kila asubuhi lazima tumtoe nje akae aangalie migomba, anauliza "yule wa pale kwenye mfereji ameshatoa mkungu?" Na alijua kabisa ndizi zile hatozila yeye. Hicho ndo kinachoninyima usingizi, alikuwa anapata nini pale? Leteni na nyie ya kwenu, sio mahubiri, kitu ulichokiona kwa macho yako.

Bamvua
Pole sana ndugu yangu. Mi wa Kilwa, mama alitulea kwa pweza. Maji yakitoka anashuka mwambani na chuma chake anachokoa, mi nabeba ndoo. Siku moja kachungulia shimo akaurudisha mkono, akaniambia njoo uone. Pweza jike amekonda, rangi imepauka, amejikunja, na juu yake mayai yananing'inia kwenye mwamba kama vishada vya punje za mchele. Anayapulizia maji tu. Mama akasema huyu hali kitu tangu alipotaga, yakitotoka na yeye anakwenda, tusimkatishe. Siku hiyo tulirudi na pweza wawili tu ndoo nzima na hakujuta.

Ukubwani nikaja kusoma kwamba 1977 mtafiti mmoja wa Marekani anaitwa Jerome Wodinsky aliwatoa pweza majike kitezi kidogo kilichoko karibu na macho, wakayaacha mayai, wakaanza kula tena na wakaishi muda mrefu kuliko wenzao. Yani kile kinachomfanya alinde mayai ndo hicho hicho kinachomuua, viko sehemu moja! Nilivyosoma nililia jamani, kwa sababu nilimkumbuka mama jioni anatupakulia halafu anasema yeye ameshakula kwa jirani. Jirani mwenyewe hakuwa nacho.

Mkunga mstaafu
Mi mfupi. Mtoto akiwa tumboni mwanzoni mkono wake ni kama mguu wa bata, vidole vimeungana. Zile seli za katikati zinakufa zenyewe kwa mpango, ndo vidole vinaachana. Nimepokea watoto miaka 31 na kila mara nilikuwa navihesabu vidole nawaza, kifo kimeshapita hapa kimefanya kazi nzuri kabla huyu hajavuta hata pumzi.

Hadubini
Mkunga umenigusa. Mi nilisomea maabara, na mwaka wa pili tukaonyeshwa seli za HeLa. Zilichukuliwa 1951 Baltimore kwa mama mmoja Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks, bila hata kuombwa ruhusa, alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Yeye alifariki mwaka ule ule ana miaka 31, seli zake mpaka leo zinagawanyika maabara dunia nzima. Seli za kawaida zikishagawanyika mara hamsini hivi zinagoma, hizi hazigomi. Nilikuwa nimeinama kwenye hadubini nikashindwa kuinua kichwa, maana mama yangu mzazi aliondoka na ugonjwa huo huo nikiwa fomu tuu. Miaka yote nilikuwa namlaumu Mungu kwa nini tunakufa, kumbe pale nilikuwa naangalia kitu kilichokataa kufa, na hicho ndo kilichomla mama.

Mama K
Nimewasoma wote kwa heshima. Ila niwaambie ukweli wangu, hizi habari hazinifai. Mgomba umekufa umeshazaa. Pweza mayai yake yametotoka. Mwanangu aliishi siku 19. Hakuzaa, hakuacha kitu, hakumpisha mtu yeyote. Niambieni yeye alikufa ili nini?

Mjukuu wa Kihambani
Mama nisamehe. Sina jibu na sitatunga.

Mkunga mstaafu
Mwanangu, mimi pia nimewashika wa hivyo, wengi. Sijawahi kupata la kusema, nilikuwa nakaa tu kitandani na mama yake mpaka zamu inaisha.

Bamvua
Dada, alikuwaje?

Mama K
Alikuwa na nywele nyingi mpaka shingoni. Ukimpa kidole anakikamata kwa nguvu, hata akiwa usingizini, ukitaka kukitoa unaanza kumfungua kidole kimoja kimoja. Baba yake alikuwa anachelewa kazini kwa sababu hiyo, anasema siwezi kumnyang'anya. Kwa siku 19 mwanaume yule hakuwahi kufika kazini kwa wakati. Sijawahi kumwona vile tena.

Bamvua
Na jina mlimpa nani?

Mama K
Ni mwaka wa sita huu, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nakuja inbox.