Ofa imepokelewa, mteja bado anaambiwa asubiri (Smack na Fastpath)

kijana_wa_spea:
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza programu ya kuchati kwa duka moja la spea Gerezani, Kariakoo. Mteja anaandika "mna shokapu za IST?", ombi linaingia foleni, mmoja kati ya wahudumu watatu analichukua. Seva ya kuchati ni Openfire yenye Fastpath (programu-jalizi yake ya kupanga foleni na kugawa wateja kwa wahudumu), na kwenye Java natumia Smack, maktaba ya kuunganisha programu na seva hiyo.

Mpaka ofa (taarifa ya seva kwa mhudumu kwamba kuna mteja wa kuchukua) kufika niko vizuri. Wahudumu wamesajiliwa kwenye kundi la Fastpath (workgroup), naita setOnline(true) kwenye AgentSession (kikao cha mhudumu) kuonyesha yuko hewani, na offerReceived inaitika ofa ikifika. Dada wa kaunta anabonyeza "Pokea", naita offer.accept(), kisha namwandikia mteja moja kwa moja kwa anwani ya getUserJID(). Ujumbe unafika, lakini skrini ya mteja imeganda kwenye "wewe ni wa 1", na tajiri akifungua historia kwenye Fastpath anakuta patupu. Nimeanza kuhangaika nayo Ijumaa. Jana umeme ulikatika huku Sinza, nikamaliza chaji ya laptop nasoma logi tu. Nakosea wapi?

bibi_foleni:
Mdogo wangu, accept() ni kama bodaboda kunyoosha mkono kijiweni. Abiria hajapanda bado!

Kwa kuita accept() unaiambia seva kwamba huyu mhudumu yuko tayari kumchukua mteja. Kazi ya kuwakutanisha ni ya seva: inafungua chumba cha mazungumzo na kutuma mwaliko kwa mhudumu na kwa mteja. Wewe umeruka chumba ukaenda kumgongea mteja dirishani, ndiyo maana historia ni tupu. Fastpath inaweka kumbukumbu za yaliyosemwa chumbani.

Sikiliza mwaliko pande zote mbili kwa WorkgroupInvitationListener: kwa mhudumu isajili kwenye AgentSession, kwa mteja kwenye Workgroup (darasa la Smack la upande wa mteja). Mwaliko ukija, chukua jina la chumba kwa getGroupChatName() uingie kwa MultiUserChat, darasa la Smack la vyumba. Upande wa mteja isajili KABLA ya joinQueue(), yaani kabla hajaingia foleni. Mhudumu mwepesi anaweza kupokea ofa wakati wewe bado unaandaa skrini.

Na hiyo "wewe ni wa 1" ni namba ya mwisho uliyoichora, hakuna aliyeifuta. Ifute kwa departedQueue ya QueueListener (msikilizaji wa foleni), inayoitika mteja akitoka foleni. Ila usiandike "mteja amekata tamaa" hapo, maana inasema ametoka foleni tu, haisemi ameelekea wapi.

mzee_wa_logi:
Naunga mkono. Mkuu, shika na offerRevoked, inayoitika ofa ikiondolewa. Ofa ikichukuliwa na mwingine au muda wake ukiisha, funga kile kidirisha, la sivyo wahudumu watabonyeza ofa iliyokufa halafu lawama zije kwako. Pia mteja akigonga "Uliza" mara mbili, joinQueue() ya pili inatupa kosa la IllegalStateException kwa sababu tayari yuko foleni. Kabla ya yote uliza isAvailable(), yaani kama kundi linapokea wateja. Kama hakuna mhudumu aliye hewani, mwambie mteja apige simu.

kijana_wa_spea:
Dada bibi_foleni, ni chumba kweli! Msikilizaji wa mteja nilikuwa sina kabisa, nilidhani ni mambo ya mhudumu peke yake. Sasa wanakutana chumbani na historia inajaa. Mzee, hilo la kugonga mara mbili nimeliona leo hii hii: mteja wa kwanza wa majaribio alikuwa tajiri mwenyewe, kagonga mara nne.