Jeki za gari la kambi zinazima zikianza kunyanyua: nibadili pampu?

Mzururaji
Wakuu, naombeni msaada kabla sijatupa hela. Nina gari la kambi, lile lenye vitanda na jiko ndani, linalojisawazisha kwa jeki nne za haidroliki. Nikibonyeza kitufe cha otomatiki, jeki zinashuka vizuri tu. Zikigusa ardhi na kuanza kunyanyua, pampu inabadilika sauti kama mtu anayesinzia, taa ya volti ndogo inawaka na mfumo mzima unazima. Betri ni mpya, nimeipima ina volti 12.7. Cha ajabu, injini ikiwa inanguruma wakati mwingine inakubali. Fundi kaniambia pampu imekufa. Nikanunue?

MtuWaNjia
Oili hiyo mkuu. Jaza tangi, kazi imekwisha.

DadaSpana
MtuWaNjia, taratibu. Oili ikipungua, pampu inalia kwa kuvuta hewa na jeki zinaishia njiani. Taa ya volti haihusiki hapo. Halafu usijaze jeki zikiwa chini! Ukizirudisha, oili iliyokuwa ndani yake yote inarudi tangini na kufurika. Rudisha zote juu kwanza, ndipo ufungue kifuniko. Mifumo mingi inatumia ATF, ile ya gia boksi za otomatiki, ila hakikisha kwenye kitabu cha gari. Ukimimina oili ya breki umeua sili, zile raba zinazozuia oili isivuje.

Mzururaji
Nimetazama jeki zikiwa juu. Oili imefika kwenye alama, nyekundu safi, haina povu.

GerejiYaNyumbani
Basi pampu iache kwanza. Hiyo 12.7 uliipima betri ikiwa imepumzika, na betri isiyo na mzigo haisemi ukweli. Mota ya pampu ikinyanyua gari inaweza kula zaidi ya ampea 100. Kwa umeme mwingi hivyo, ukinzani wa ohmu 0.01 tu unameza volti 1 nzima. Kutu ambayo taa za ndani hazihisi kabisa, pampu inaihisi. Na hiyo habari ya injini ndiyo iliyonishtua: altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, inapandisha volti kidogo, pampu inapata za kuishi.

Tafuta mtu akushikie kitufe. Pampu ikiwa imebanwa na mzigo, pima kwenye betri, kisha pima kwenye pampu yenyewe, kati ya nati ya chanya na bodi yake. Halafu weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bodi ya pampu. Hapo usome karibu na sifuri. Na tafadhali, usiingie chini ya gari lililobebwa na hizo jeki.

Mzururaji
Mke wangu kashika kitufe, mimi mita. Betri 12.1, pampu 9.4. Hasi ya betri hadi bodi ya pampu: 2.3!

GerejiYaNyumbani
Eathi hiyo. Karibu volti zote unazopoteza zinapotelea upande wa hasi. Fuata waya mnene mpaka unapofungwa kwenye chesisi.

DadaSpana
Toa hasi ya betri kabla hujashika spana. Na usikaze tu ukaondoka. Fungua kabisa, sugua mpaka chuma king'ae pande zote mbili, kaza, ndipo upake grisi juu.

Mzururaji
Jamani! Boliti ilifungwa juu ya rangi, na chini yake unga wa kahawia kama ugoro. Kichwa cha waya nilikizungusha kwa vidole. Nimesugua, sasa ni 12.0 kwenye betri na 11.5 kwenye pampu, na gari limenyanyuka bila injini. Limebaki moja: paneli inasema tuko sawa, lakini mlango wa choo unafunguka wenyewe.

MtuWaNjia
Hapa nisikilizeni hata mimi 😄 Sifuri ya paneli, yaani pale inapohesabu kuwa gari liko sawa, imehama. Lisawazishe kwa vitufe vya mkono, tumia pimamaji kwa urefu na kwa upana, kisha lihifadhi hapo kama sifuri mpya. Vitufe vya kubonyeza vinatofautiana, utavikuta kwenye kitabu.

DadaSpana
Leo umepatia. Pimamaji liwe sakafuni, si juu ya kaunta. Kaunta nyingi zilifungwa na mtu mwenye haraka. Na friji yako kama ni ya gesi itakushukuru, hazipoi vizuri zikiinama.

Mzururaji
Nimefanya, mlango umetulia. Ila jeki ya nyuma kulia inarudi juu polepole kuliko wenzake.

GerejiYaNyumbani
Nguzo yake ina matope yaliyokauka? Ifute kwa kitambaa chenye ATF kidogo, ishushe na kuirudisha mara tatu nne. Ikiendelea kusuasua, kagua springi za kuirudisha. Moja ikilegea, jeki inakuwa hivyohivyo.

Mzururaji
Matope yapo, tena ya safari mbili zilizopita. Naenda kuchukua kitambaa.