Nani kawafundisha kuunga waya kwenye swichi ya oili?!

Wakuu, hasira nilizonazo hapa zinatosha kuendesha chila (mashine ya kupoza maji) bila umeme. Yule jamaa yetu, mnamjua wote, leo kaunga waya mwekundu kwenye swichi ya presha ya oili, ili umeme upite hata swichi ikikata. Waya! Kompresa inazima kwa kukosa oili, yeye dawa yake ni kuiziba mdomo swichi.

Eti "geji ya pampu inasoma 70, presha ipo." Ipo wapi? Saksheni (presha ya gesi inayorudi kwenye kompresa) ilikuwa 64. Toa hapo, zinabaki psi 6! Kompresa ya pistoni kama ile hutaka tofauti ya 20 hadi 60. Swichi yenyewe hukata tofauti ikishuka hadi kama 9, na hukata baada ya kuvumilia kama dakika 2. Imevumilia, imekata, halafu mtu anaiwekea waya.

Kioo cha oili povu tupu, krenkkesi (sehemu ya chini ya kompresa inayokaa oili) ni ya baridi, inatoka jasho. Hapo gesi inarudi ikiwa bado majimaji, inachanganyika na oili, pampu inavuta povu. Balbu ya ekspansheni valvu (valvu inayopima gesi ya kuingia sehemu ya kupoza) inaning'inia, haishiki bomba. Hita ya krenkkesi, ya kupasha oili, imekufa. Hakupima supahiti (joto la gesi juu ya kiwango chake cha kuchemka) wala hita. Kaongeza oili, kisha WAYA.

Spana_Kumi: Huyo huyo! Kwangu alibonyeza reseti mpaka kitufe kikaingia ndani. Kila ukiwasha bila oili unakwangua beringi.

MzeeWaGeji: Mtoa mada kelele nyingi. Ulikuwa wapi paneli inafunguliwa? Na usiitupie gesi lawama zote. Kama oili ni safi, haina povu, krenkkesi ina joto na bado presha ni ndogo, fungua chujio la pampu kwanza. Likiwa safi, pima pampu. Pampu ikiwa nzima, beringi zimelika, oili inapita kirahisi na presha haijengeki.

mtoa mada: Mzee, nimesema POVU. Na waya bado upo pale!

Baridi_Kali: Kuongeza oili ndiyo ujinga mkubwa. Oili haipotei, imelala kwenye ivapareta (sehemu ya kupoza). Chila ikikaa muda mrefu kwenye mzigo mdogo, kasi ya gesi hairudishi oili. Siku ikirudi yote kwa mkupuo, pistoni zinaipiga, valvu zinavunjika.

Spana_Kumi: Na hita iwashwe saa 24 kabla ya kustati. Wanazima breka kuu usiku, hita inakosa umeme, halafu asubuhi wanashangaa povu.

Fundi_Draya: Mnalia na waya, mimi nalia na wanaobadilisha filta draya (chujio la kukausha unyevu) bila kuvuta vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote! Oili ya POE (oili ya sintetiki ya kompresa) inanyonya unyevu hewani, inageuka asidi, inakula koili za mota.

MzeeWaGeji: Hao ndio wabaya kuliko wote. Wanavuta dakika chache, wanasoma kwa geji za manifoldi. Manifoldi haioni mikroni, kipimo kidogo cha vakyumu! Vuta mpaka chini ya 500, funga valvu, subiri. Ikipanda ikasimama, ni unyevu. Ikipanda bila kusimama, kuna mahali panavuja.

Baridi_Kali: Na oili ya pampu ya vakyumu je? Nyeupe kama maziwa, hawabadilishi.

mtoa mada: Jamani, waya...

Fundi_Draya: Pampu yenyewe wanaivutisha kwa hozi nyembamba, vali kora (kipini cha ndani ya valvu kinachobana njia) hawajatoa. Hiyo mikroni 500 wataiona lini?